Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa: lile tope limerudi mtaroni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tukikutana njiani huwa unaniamkia, naitikia marahaba, nakuuliza hali ya watoto, tunaachana. Mambo ya mtaa tunayaogopa kidogo sisi wawili. Leo nimeyaandika, kwa sababu kwenye mkutano nilinyoosha mkono mara mbili na muda ukaisha.

Nianze na ile Jumamosi ya usafi. Tulijitokeza wengi kuliko siku zote, na hilo nakupongeza. Tulizibua mtaro kuanzia kona ya msikitini hadi pale kwenye kidaraja, tope jeusi likatufika magotini, picha zikapigwa. Tope lote tukalirundika ukingoni, tukaambiwa gari la kulizoa litakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita kimya. Alhamisi usiku mvua ikanyesha, na kulipokucha rundo lilikuwa limebaki nusu, kuku wanalichakura. Ile nusu nyingine haikwenda dampo, Mwenyekiti. Iliingia kulekule tulikoitoa.

Mimi ninakaanga samaki hapo kidarajani kila jioni, kwa hiyo mtaro huu ninautazama kuliko mtu yeyote. Ninachokiona ni kwamba wengi wetu tunauchukulia kama bomba la majitaka: ukimwaga kitu kimekwenda, na huko kinakokwenda kuna watu wa kukishughulikia. Hakuna. Mtaro umechimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, na maji hayo hayapiti kwenye bwawa lolote la kusafishia. Yanatoka hapa yanaingia Mto Msimbazi, yanapita Jangwani, yanapenya chini ya Daraja la Salenda, yako baharini. Na kabla hayajafika huko kuna bustani za bondeni zinazomwagiliwa maji ya mto huohuo. Mchicha wa huko tunaununua jioni, fungu kwa fungu, tunawapikia watoto.

Sasa niseme lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema kwenye kikao: kutapisha vyoo. Mvua ikishika kasi usiku wa manane, kuna nyumba kule juu, nazo si moja, zinafungua shimo na kuacha kila kitu kiteremke na maji. Wanadhani giza na kelele za mvua vinawasitiri. Asubuhi sisi wa bondeni tunaamka na harufu, na watoto wanavuka maji hayo kwa miguu mitupu wakienda shule. Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka hapahapa Dar es Salaam kikasambaa mikoani. Hatujasahau.

Wenye nyumba hizo si watu wabaya wote. Gari la kunyonya ni ghali, na vichochoro vyetu halipiti hata likija. Lakini choo hakijai kwa usiku mmoja. Kingenyonywa Januari au Februari, kabla ya masika, kwa pampu ndogo zile zinazoingia vichochoroni, na wapangaji wakachangishwa kidogokidogo kila mwezi pamoja na kodi, hiyo sababu ya usiku wa mvua isingekuwepo. Nakuomba uwaite wenye nyumba, uwe nao bwana afya wa kata, mpange ratiba nyumba kwa nyumba. Atakayetapisha baada ya hapo atozwe faini bila kuangaliwa usoni. Najua baadhi yao ndio waliokupigia kampeni. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Na mimi nina langu. Kwa miaka mingi mafuta yaliyoungua kwenye karai nilikuwa nayamimina mtaroni nikimaliza kazi. Nilidhani mafuta ya kula hayana madhara, hata samaki si wanakaangwa humo? Kumbe yakipoa yanaganda kwenye kuta za mtaro, mchanga unanasa, mifuko inanasa juu ya mchanga, mtaro unaziba. Siku hizi nayaacha yapoe, nayachanganya na majivu ya mkaa wangu hadi yawe kama uji mzito, naweka kwenye mfuko wa taka. Hakuna gharama. Wenzangu wa chipsi na maandazi ninao, nitawaambia mwenyewe. Hao usihangaike nao.

Vijana wa gereji unahitajika uwaendee wewe. Oili chafu wanaimwaga chini palepale wanapofungulia, mvua ikinyesha maji yote yanang'aa rangi za upinde. Na oili ile ina wanunuzi! Mafundi wa zege wanapaka mbao zao ili zisigande, watu wa mabanda wanapaka nguzo dhidi ya mchwa. Pipa moja lenye mfuniko, tena likae kivulini mbali na mtaro, lingetosha gereji zote tatu.

Kuna na wanaojenga, wanaomwaga lori la mchanga barabarani na kuuacha wiki tatu. Uzungushiwe tofali na kufunikwa turubai, yatosha. Na kuna sisi kina mama tunaofagia uwanja alfajiri na kuishilizia takataka mtaroni, tukiona uwanja unapendeza.

Chupa za plastiki nisizitaje sana, maana waokotaji wanazimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Mifuko nayo imepungua tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kinachotuziba sasa ni pempasi. Hakuna anayeinunua, hakuna anayeiokota, na ikishiba maji inakuwa nzito kama jiwe. Nyumba yenye mtoto mchanga na isiyolipa ada ya taka, pempasi zake zinakwenda wapi? Mwombe mjumbe wako apite akaulize, kwa lugha nzuri, maana wengine hiyo ada kweli hawanayo. Kwa hao tukubaliane mtaa mzima namna ya kuwabeba.

Narudi kwenye Jumamosi yetu. Usitutangazie tena kuzibua mtaro kabla gari halijathibitishwa. Likikosekana, tukodi guta mbili kwa mchango wetu, tope lipakiwe siku hiyohiyo likiwa bichi. Au siku hiyo tufanye kazi nyingine. Kuna ya kutosha.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao nitakuja na koleo langu kama kawaida. Ila sitalichovya mtaroni mpaka unionyeshe gari lilipoegeshwa.

Wako,
Mama samaki wa kidarajani