Safari ya Unguja Februari: someni mpaka chini kabla ya kuuliza

Habari za jioni wapendwa. Tunakwenda wikiendi ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, kwa hiyo vyumba Mji Mkongwe vinajaa mapema. Mchango wa malazi naomba ufike kabla ya tarehe 30. Boti ya asubuhi kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Njooni na kitambulisho, na mwenye kuchafukwa moyo akae nyuma, chini, si juu. Mwaka jana kuna mtu alijifanya baharia, mnamjua.

Muziki uko Ngome Kongwe, ukitoka tu unaivuka barabara uko Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni. Pale jioni msikurupuke! Uliza bei kabla mtu hajakuwekea pweza kwenye sahani, na samaki uliyemkuta amepoa mezani mwache. Mimi naanza na urojo: ule mchuzi wa njano wenye ukali wa embe, ndani bajia, kachori, viazi na mishkaki, juu chipsi za muhogo. Bakuli moja, wala sili tena.

Jumamosi mchana tutakwenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Sitaki pawe pa kupigia picha tu. Kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe ni hiari.

Mavazi: mji ni wa Waislamu, kaptura na vitop viishie ufukweni. Kanga moja mkobani inatosha.

Nani hali samaki? Andikeni hapa, msinifuate inbox.