Njiwa wamehamia kwenye paa langu

Mhariri,

Nakaa Mbeya mjini, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Juzi nilipanda ngazi kuzibua gata. Nilikuta kinyesi cha njiwa kimegandamana kama udongo wa mfinyanzi, manyoya, vijiti na makinda mawili yaliyokufa. Maji ya hapo ndiyo yanayoingia kwenye simtanki tunalochota ya kupikia!

Kijana mmoja wa mtaani alitushauri tumwage mahindi yenye sumu. Nilikataa. Sumu haichagui: kuku wa jirani watadonoa, na paka atakayemla njiwa huyo naye anaweza kufa. Manati nayo ni kazi bure, wanarudi hata hujashuka ngazi. Jozi moja hutaga mayai mawili, huyaatamia siku 18 hivi, kisha huanza upya.

Wanachofuata ni chenga. Kila jioni uwanja wa mashine umejaa punje na hakuna anayefagia. Namwomba mwenye mashine afagishe kabla giza halijaingia, nasi majirani tuzibe matundu ya kenchi kwa wavu wa banda la kuku. Mimi nimeshanunua mita tano.

Mkazi wa Mbeya