Barua kwa mwanangu: Jumatatu usipande

Mwanangu Hamisi,

Mama yako kanisomea ujumbe wako kwamba Jumatatu unaanza kibarua cha kuteremsha paa la asbesto kwenye nyumba za walimu. Sikulala. Nafurahi kwamba umekuwa fundi wa kuitwa, lakini mmepewa barakoa gani? Kama ni ya kitambaa, usipande.

Vumbi la kawaida utalikohoa. Asbesto ni madini ya nyuzi, na unyuzi wake ni mwembamba kuliko unywele, unashuka mpaka mwisho wa pafu. Chembe za kinga za mwili huja kuumeza, zikashindwa na urefu wake, zikafa papo hapo. Asbesto nyeupe hukatikakatika, na nyingi yake huweza kutoka baada ya miezi. Ya bluu na ya kahawia hukaa miaka na miaka, mtu akazikwa nayo. Usinijibu kwamba paa lile ni la nyeupe; kwa macho huwezi kujua kilichochanganywa, na hiyo nyeupe nayo huleta saratani. Tena saratani yenyewe huja baada ya miaka 20 hadi 50. Wewe una 27. Piga hesabu.

Sisi tulikuwa tukiyakata mapaa hayo makavu kwa msumeno, kuanzia 1983. Picha yangu ya kifua ya Februari ina madoa kwenye utando wa mapafu. Daktari kasema si saratani, ni alama ya vumbi lile. Sikukwambia kwa sababu ya harusi yako. Nguo zangu alikuwa akizikung'uta mama yako, naye hajapigwa picha. Nitampeleka wiki ijayo.

Asbesto ilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2006, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina mwongozo wa kuiondoa. Muulize kontrakta wako kama ameusoma. Akikasirika, rudi nyumbani, pesa ya mafuta nitakutumia. Ukikaidi, kama kawaida yako, basi mapaa yaloweshwe maji kwanza, yasivunjwe, na nguo za kazi mkeo asizifue. Na sigara, Hamisi! Sigara na asbesto vikikutana kifuani hatari ya saratani ya mapafu hupanda sana. Nimekwambia mara ngapi?

Mbuzi kazaa mapacha. Banda la kuku lina vipande viwili vya paa la zamani, niliviweka mimi. Usivitoe ukija, nimewakataza watoto kukaribia.

Nipigie kabla ya Jumatatu. Tumia simu ya mama yako, yangu haisikiki.

Baba yako