Zai, anza na kinasa sauti

Bombo, Jumapili jioni

Dada Zai,

Hujambo huko Masaka? Watoto hawajambo? Sisi hapa wazima kabisa, ni hii mvua tu imetubana ndani tangu jana. Nimesikiliza ule ujumbe wako wa sauti mara mbili, vile unasema wamekupa S.2, kidato cha pili, ya watoto 87, lab ya kompyuta ina kufuli na mwenye ufunguo haonekani, halafu mkuu anakuuliza mbona hutumii teknolojia darasani. Pole sana dada. Nimeona nikuandikie barua kabisa maana kwa simu ningekumalizia airtime na bado nisingemaliza.

Kwanza hiyo lab iache na kufuli lake. Tangu mtaala mpya wa sekondari hapa Uganda uanze 2020 na Kiswahili kikawa lazima S.1 na S.2, mimi nimeingia lab na wanafunzi mara nne tu, kazi yote nyingine nimeifanya na simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, na katika simu kitu ambacho kimenisaidia kupita vyote ni kile kinasa sauti ambacho kinakuja nayo, hata bando haikitaki.

Ngoja nikueleze. Si unajua watoto wetu wa Buganda na ile l na r, kwenye Luganda ni sauti moja, ikifuata e au i inakuwa r, pengine pote ni l. Kwa hiyo pilipili kwao ni piripiri, mbili ni mbiri, karatasi ni kalatasi. Nilikuwa na kijana mmoja S.2, mtoto mwenye bidii sana, kila akisoma "Baba amekwenda kupiga kura" inatoka "kupiga kula". Nimemsahihisha kwa mdomo karibu mwezi mzima, nasema kura, anasema kula, nasema hapana, kura, anasema ndiyo mwalimu, kula. Alikuwa haisikii ile tofauti, na mimi nilidhani hajali! Siku moja nikamrekodi akisoma ile sentensi, nikairekodi na yangu, nikazicheza moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza akakataa, akasema huyo si yeye. Nikarudia. Mara ya tatu akashika simu akaiweka sikioni kabisa, akanyamaza, halafu akasema polepole, "Mwalimu, nimesema kula." Nakwambia Zai nilisikia raha ile ya kazi yetu ambayo mshahara hauileti. Wiki mbili baadaye r yake ilikuwa inatoka, si kila siku, lakini anajikamata mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Sasa vile vya kufanya. Sauti yako ya somo rekodi usiku, mvua ikiwa hakuna maana bati litakuharibia, kaa karibu na nguo au pazia ili sauti isirudi mwangwi, simu iwe umbali wa shubiri moja toka mdomoni na kidogo pembeni, ukiweka mbele kabisa kila p na b itapiga kama ngoma. Ukitaja neno moja nyamaza uhesabu hadi nne moyoni ndo utaje lingine, hiyo nafasi ni ya darasa kurudia, mimi mwanzo sikuiacha na watoto wakawa wanakimbizana na simu. Faili ipe jina la kueleweka, S2-kura-kula, siyo zile namba simu inajiwekea yenyewe, utazitafuta mpaka kengele ilie.

Kwa watoto 87 sauti ya simu haitafika nyuma. Tafuta spika ndogo ya blutuuthi, na usiiweke mezani kwako, iweke katikati ya darasa juu ya dawati. Kama spika bado, tumbukiza simu ndani ya bilauri kavu au kindoo, itaongezeka kiasi cha kutosha kundi moja. Na kabla hujaanza weka simu kwenye alama ya ndege, shemeji asije akapiga katikati ya somo, na kama blutuuthi imezimika iwashe tena. Kitu kingine ni wale wanaocheka mwenzao akisikika. Hilo mimi silivumilii hata kidogo, mtoto akichekwa siku moja kwenye rekodi hatafungua mdomo tena muhula mzima. Wasikilize vikundi vya watano, sauti chini, na wakishamaliza zifute zote mbele yao.

Halafu alama. Hapa nakuomba unisikie vizuri kwa sababu sasa zile kazi za mwaka mzima zina uzito wa asilimia 20 na mtihani wa UNEB, baraza letu la mitihani la taifa, 80, daftari likipotea ni sehemu ya matokeo ya mtoto imepotea. Tumia Google Sheets kwenye simu, faili uiwashe ipatikane hata bila intaneti, ukipata mtandao inajihifadhi yenyewe huko juu. Wastani ni =AVERAGE(C2:F2) unaburuta chini basi. Mtoto ambaye hakufanya jaribio kwa sababu aliumwa acha kisanduku chake kitupu, ukiandika 0 inahesabiwa na wastani wake unaanguka, na hiyo siyo haki.

Lakini kwenye kupanga nafasi ndo kuna mtego. Mimi niliandika =RANK(G2,G2:G88) nikaburuta chini bila kuangalia, na kila mstari ile orodha ikateremka nayo, G3:G89, G4:G90, mpaka mtoto wa mwisho kwenye orodha akawa analinganishwa na yeye peke yake, akatoka wa kwanza! Ripoti zilikuwa zishachapishwa. Nilizirudia zote 87 usiku huo kwa mkono na asubuhi nikaenda kumweleza mzazi mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ameshaiona. Kumbe ni alama ya dola tu ilikosekana, andika =RANK(G2,G$2:G$88), hiyo dola inashikilia orodha isisogee. Iandike kwenye karatasi uibandike mezani.

Ukienda kuchapisha usibebe flashi. Kuna duka moja liliipa yangu virusi, mafaili yote yakageuka njia za mkato, nikadhani yamekwisha na kumbe yalikuwa yamefichwa tu. Geuza kazi iwe PDF, jitumie kwa WhatsApp, uifungulie hapo dukani na ukimaliza hakikisha umejitoa kwenye kompyuta yao.

Siku ukipata ufunguo wa lab, kuna programu inaitwa Kiwix, inafungua Wikipedia bila intaneti. Unapakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, ile ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha na ya Kiingereza, unaihamisha kwa memori kadi, na laptopu moja inaweza kugawia kompyuta nyingine kwa waifai bila hata megabaiti moja ya data. Wangu waliandika insha juu ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, kwa njia hiyo.

Hizi AI za kutunga maswali nazitumia, ila methali nazihakiki moja moja, zinatunga methali ambazo hakuna mzee amewahi kuzisema na ngeli nazo zinachanganya. Na picha za watoto au alama zao usitupe kwenye lile kundi la wazazi, tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na kwa mtoto lazima mzazi akubali kwanza. Mzazi mmoja mmoja mtumie ya mwanawe.

Nimekuwekea memori kadi kwenye bahasha, ina rekodi zangu 31 za S.2 na karatasi ya alama ikiwa na dola zake tayari. Nampa dereva wa taksi kesho asubuhi, atabadilisha gari Kampala, jioni iulizie stendi hapo Masaka. Anza na ile ya kura. Jumatano nipigie uniambie watoto wamesemaje, na ukiweza rekodi hata mmoja kabla na baada, nataka kusikia.

Msalimie mama na uwabusu watoto.

Kakako wa Bombo