Mtoto anayesomea nyumbani naye ni mwanafunzi

Mhariri,

Tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yatoke, kila tukikaa kikao cha familia hapa Luanda, Vihiga, mazungumzo yanaishia pale pale: binti yangu asomee wapi shahada. Wajomba zake wanashikilia asome mtandaoni akiwa nyumbani, tuokoe pesa za hosteli na chakula. Mimi nimekataa. Naandika kwa sababu najua hesabu hiyo ya wajomba inapigwa katika nyumba nyingi wakati huu.

Sikatai kwa kuyadharau masomo ya mtandaoni. Shahada yangu ya usimamizi wa biashara niliipata kwa njia hiyo, nikiwa karani wa shule ya upili. Wanaosema kwamba cheti cha namna hiyo ni cha bandia wanakosea. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria tangu 1992, na chetu cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023. Mzazi aulize tu kama kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Lakini mimi nilikuwa na ufunguo. Mwalimu mkuu aliniruhusu kubaki ofisini baada ya kazi. Saa kumi na moja jioni nafunga mlango, nasukuma kando vitabu vya karo, nafungua kompyuta na kuingia darasani. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina mshahara, na hakuna mtu wa kunituma maji. Nilisoma hivyo miaka mitano hadi nikamaliza.

Binti wa kaka yangu hakuwa na ufunguo. Alianza shahada ya mtandaoni akiwa na miaka kumi na tisa, akiishi kwao. Siku moja ya Agosti nilishinda naye. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Simu ameiegemeza kwenye mkebe wa sukari, mhadhiri anafundisha takwimu, mtoto wa dada yake amelala mapajani, na mikono yake inapukuchua mahindi. Katika kipindi hicho kimoja aliitwa mara nne: chai ya wageni, kuku wameingia jikoni, mtungi hauna maji, mtu wa bodaboda anataka pesa yake. Kila aliporudi, mhadhiri alikuwa ameshasonga mbele.

Wifi yangu si mtu mbaya. Machoni pake, msichana aliyekaa na simu hana kazi. Mtoto akibeba sanduku kwenda chuo kikuu Maseno au Kakamega, kijiji kizima kinajua anasoma, na hata akirudi likizo anaulizwa masomo yanaendeleaje. Huyu wa sebuleni haulizwi. Anatumwa.

Kilichomvunja moyo ni mtihani. Programu ya chuo chake ilimtazama kupitia kamera, na haikuruhusu mtu mwingine chumbani. Nyanya yake akaingia kuchukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango. Mtihani ukafungwa hapo hapo. Aliandika barua pepe, akangoja majuma sita, kisha akajibiwa kwamba arudie somo hilo muhula unaofuata na kulilipia upya. "Shangazi, nimechoka," aliniambia. Hakuendelea tena. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana ni mimi niliyemshauri aingie mtandaoni, nikidhani yaliyoniwezekana mimi yatamwezekana na yeye.

Kwa hiyo binti yangu ataenda chuo cha kukaa. Anataka ualimu, na nitauza ng'ombe wangu mmoja kuongezea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwalimu mwenye diploma, muuguzi anayetaka kupanda cheo, mama wa duka pale Kibuye anayejipangia saa zake, hao wasome mtandaoni bila wasiwasi. Kijana aliyetoka kidato cha nne juzi, hasa msichana, naomba mzazi amwangalie mara mbili kabla ya kuamua, na aangalie pia nyumba yake mwenyewe.

Wapo wasio na ng'ombe wa kuuza, nami siwezi kuwaambia watoto wao wakae bure. Hao nawaomba jambo moja: saa za masomo ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani, na kila mtu nyumbani azijue, akiwemo nyanya. Mwanafunzi asiitwe saa hizo. Maji yachotwe na mwingine, hata kama ni mvulana.

Na shule zetu zisaidie. Kila jioni madarasa yanafungwa kwa kufuli huku vijana wakihangaika kutafuta mahali pa kuketi. Nimezungumza na mwalimu mkuu wetu, naye amekubali kutoa chumba kimoja, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Kina meza sita na soketi nne zinazofanya kazi. Ufunguo ninao mimi.

Karani wa shule,
Luanda, Vihiga