Mnatuuzia IP statiki ya nini majumbani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo, nina dukuduku la miezi mitatu sasa.

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nyumbani ni Nyegezi kule juu kwenye mawe, na mara kwa mara navuka kwenda Nansio kufuata mzigo. Kwa vile nyumba inabaki na mama watoto nikafunga kamera nne na DVR yake, kile kisanduku kinachorekodi picha. Fundi kazi alipiga vizuri tu, ila akaniambia bosi ukitaka kuziona ukiwa mbali lazima uwe na IP statiki, yaani ile namba ya intaneti isiyobadilika, maana ya kawaida umeme ukikatika ruta ikiwaka tena inaweza kupewa nyingine. Nikapiga simu kwa kampuni inayoniletea intaneti, siitaji, wakasema sawa mzee, unaongeza elfu 30 kila mwezi. Nikalipa! Mtu ninayebishana na wavuvi nusu saa kwa mia mbili ya ndoo nikatoa elfu 30 bila kuuliza swali hata moja.

Juzi mpwa wangu kaja likizo, anasoma mambo ya kompyuta, akafungua ruta akaangalia pale pameandikwa WAN, yaani upande unaotoka kwenda kwenye kampuni, akaanza kucheka. Mjomba, namba yako inaanza na 100.72, hii ni ya humohumo ndani ya kampuni. Kumbe namba za 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa 2012 ili makampuni ya intaneti yagawie wateja wao kwa ndani, halafu wateja kibao wanatoka nje kwa namba moja ya pamoja, yaani kama nyumba ya kupanga yenye geti moja, nyie kutoka mnatoka ila mgeni akifika getini mlinzi hajui anamtafuta mpangaji gani, anarudishwa. Kwa hiyo statiki yangu kutobadilika kweli haikubadilika, miezi mitatu ni ileile, ila hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia. Hapo sasa utamshtaki nani, wamekupa ulichoomba.

Na kamera mbona nilikuwa naziona? Zinapita kwenye apu bana, ile unayoskani kibandiko kilichopo kwenye DVR. DVR yenyewe ndio inapiga hodi kwenye seva ya watengenezaji, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, simu yangu nayo inapiga hodi hukohuko, wanakutanishwa. IP ibadilike hata mara kumi kwa siku wao hawana habari. Ubaya wake unategemea seva ya watu, siku wakiizima ndio basi.

Sisemi makampuni yote wezi. Namba za zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na ghala kuu lilikauka Februari 2011, sisi Afrika tunagawiwa na AFRINIC iliyoko Morisi, kwa hiyo kuchangia namba naelewa. Na wapo wenye shida na statiki kweli, kama mwenye duka mjini na matawi yake ambayo mfumo unakubali namba inayojulikana tu, au anayeweka seva yake mwenyewe. Hao walipe.

Ila wewe wa nyumbani kabla hujatoa hela angalia namba ya WAN kwenye ruta, halafu ukiwa kwenye waifai hiyohiyo tafuta mtandaoni IP yako inavyoonekana nje, zikitofautiana ujue mnachangia geti. Zikifanana, hata kama inabadilikabadilika, kuna kitu kinaitwa DDNS, unapata jina ambalo linaifuata namba inapohamia, ruta nyingi zina sehemu yake. Ila ukifungulia DVR mlango wa nje badilisha paswedi kwanza, 2016 virusi vya Mirai vilizoa kamera na DVR zenye paswedi za kiwandani vikazitumia kuangusha mitandao mikubwa. Ya kwangu ilikuwa ileile ya kiwandani, aibu.

Kilichokuwa kinanisumbua kweli ni humu ndani. Tv ya sebuleni inaifuata DVR kwenye namba ya humu nyumbani ambayo ruta inaigawa, 192.168.1.5, umeme ukikatika ukirudi DVR imehamia 1.9, giza. Kijana wangu akajifanya mjuaji akaiandikia namba kwa mkono, kumbe ruta ilishampa simu ya mama yake namba hiyohiyo, wiki nzima simu inakatakata na kelele zote napigiwa mimi. Mpwa akaingia kwenye ruta akaisajili DVR kwa MAC yake, ile namba ya kiwandani ya kifaa chenyewe, iwe inapewa 1.5 siku zote, dakika tano, bure kabisa. Statiki niliyokuwa naihitaji ilikuwa hiyo.

Ombi langu, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kama mnasoma gazeti hili: kampuni ikiuza IP statiki iandike kwenye risiti kama ni ya kufikika kutoka nje au ni ya ndani kwa ndani. Neno moja tu.

Mimi ya kwangu nimeshaikata. Jana niko Nansio nimefungua simu, nikamuona mbuzi wa jirani yuko kwenye mchicha wangu, laivu kabisa.

Muuza dagaa, Nyegezi, Mwanza