Barua ya wazi kwa wanangu tuliohamia Marekani: acheni kusubiri bastola janja, fungeni hiyo mliyonayo

Wanangu, hamjambo. Nimewasikiliza kwa muda mrefu mkibishana kuhusu hizi bastola janja, yaani zinazomtambua mwenyewe na kukataa kufyatuka kwa mtu mwingine, mmoja anasema zikienea ndo mwisho wa ajali za watoto, mwingine anasema ni mtego wa serikali wa kutunyang'anya silaha, na mwingine hataki kabisa kusikia habari ya betri kwenye bastola yake kwa sababu jambazi hatakusubiri uchaji. Nilikaa kimya maana nilitaka niwaelewe kwanza. Sasa na mimi naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata wewe ambaye ukisikia mtu anataja usalama unadhani anakuja kukupokonya haki yako. Sitaki kumpokonya mtu kitu. Naongea na nyie ambao tayari mnayo, iko kwenye droo pembeni ya kitanda au juu ya kabati au ndani ya gari, na watoto wapo humo humo ndani.

Kwanza niwape haki yenu wote, maana kila upande una la kweli. Hii teknolojia siyo ndoto. Ile Armatix iP1 ya Wajerumani ilikuwa inafyatua tu kama umevaa saa yake maalum, saa na bastola zinaongea kwa redio. Mwaka 2014 kuna duka la Maryland lilitangaza litaiuza na mwenye duka akatishiwa kuuawa, akaacha. Watu walikuwa na hasira kwa sababu New Jersey ilipitisha sheria mwaka 2002 kwamba siku bastola janja ikianza kuuzwa madukani popote Marekani, baada ya miaka mitatu bastola zote zinazouzwa jimboni mwao lazima ziwe za aina hiyo. Kwa hiyo anayesema aliogopa kulazimishwa hakuwa anaota. Sheria hiyo ikalegezwa mwaka 2019. Na hata kabla ya hapo, kampuni ya bunduki ya Smith & Wesson walipokubaliana na serikali ya Clinton mwaka 2000 kwamba wataingia kwenye mambo haya, wateja wao wenyewe waliwasusia vibaya sana, mwaka uliofuata kampuni ikauzwa.

Na wewe unayesema mitambo inadanganyika, ni kweli pia. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja alionyesha hiyo iP1 inaweza kufyatuliwa bila saa kabisa, alichotumia ni sumaku za bei rahisi kaziweka ubavuni mwa bastola basi. Sasa hivi kuna kampuni ya Biofire ya Colorado, kijana aliyeianzisha alianza kuifikiria akiwa bado mwanafunzi wa sekondari baada ya mauaji ya ukumbi wa sinema kule Aurora mwaka 2012. Yao inasoma alama ya kidole na sura, ukiitoa mkononi inajifunga yenyewe, na walipoitangaza mwaka 2023 walisema bei dola 1,499. Mimi naitakia heri kwa moyo wote. Mtoto wa miaka minne akiiokota sebuleni haitafyatuka, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Lakini wanangu, hebu tuulizane hapa. Bastola janja inamjua nani? Inamjua mwenye nayo. Sasa zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa risasi Marekani kila mwaka wanajiua wenyewe, na wengi wao bastola ni ya kwao au ya nyumbani kwao. Mwenye nyumba akishika bastola yake usiku ule amevunjika moyo, kidole ni chake, sura ni yake, mashine inamkubali. Na kijana wako wa miaka kumi na saba uliyemsajili ili alinde mama yake ukiwa kazini usiku, naye inamkubali. Hili kwenye mabishano yenu silisikii kabisa, mnabishana kuhusu jambazi na betri tu. Mtu anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi sana anaokolewa, anayetumia bastola karibu wote hawaokoki, kati ya kumi labda anapona mmoja. Na huzuni nyingi za namna hiyo huwa zinapanda ghafla halafu zinashuka, zikimkuta mtu hana kitu mkononi anaamka asubuhi yuko hai. Ndo maana nawaambia kufuli ya kawaida yenye ufunguo ulio kwa mtu mwingine inafanya kazi ambayo chipu ya dola elfu moja na mia tano haiwezi kuifanya.

Kwa hiyo mwenzenu akifiwa, akifukuzwa kazi, ndoa ikivunjika, msiishie kumletea chakula na pole tu. Muulize bastola iko wapi. Muulize waziwazi bila kuzunguka, kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mwambie ikae kwa mtu mwingine kwa muda, ila angalieni sheria ya jimbo lenu kwanza maana kuna majimbo kumkabidhi mwenzio bastola kunataka karatasi, na baadhi ya maduka ya silaha yanakubali kukutunzia. Na namba ya 988, ya msaada kwa mtu anayefikiria kujiua, iwe kwenye simu zenu, ni bure, usiku na mchana. Jamii yetu haya mambo tunayaficha kwa aibu, tunasema marehemu aliugua ghafla, halafu tunazika tena.

Sasa la wizi. Mnasema kila bastola ingewekwa GPS ikiibiwa tuione kwenye simu. Sawa, lakini GPS inataka betri na inataka mtandao, mwizi akiitupa kwenye boksi la chuma imenyamaza, na akijua ilipo ataing'oa. Ukitaka kuweka kitambuzi kiweke kwenye sefu au kwenye begi lake, kitasaidia kidogo, ila usilalie hapo. Polisi wakiokota bastola wanaifuatilia kwa namba yake ile iliyochongwa kwenye chuma, na mjue kwamba hakuna kompyuta moja ya taifa yenye majina ya wenye bunduki wote, sheria ya mwaka 1986 ilikataza. Wale wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, wanaanza kumuuliza mtengenezaji, mtengenezaji anawataja wa jumla, wa jumla anataja duka, duka linafungua makaratasi na kumtaja mnunuzi wa kwanza. Yaani wewe. Kama iliibiwa ukanyamaza kwa sababu uliona aibu au uliogopa polisi, ikiua mtu miaka miwili baadaye mlango wa kwanza kugongwa ni wako, na hapo utaanza kueleza habari ya wizi ambao haujaandikwa popote. Andikeni namba leo, pigeni picha, itunzeni mbali na bastola yenyewe. Ikiibiwa toa taarifa siku hiyo hiyo, majimbo mengine ni lazima kisheria, mengine siyo lazima, wewe fanya tu.

Na jamani gari! Ndani ya miaka mitano kuanzia 2017 mpaka 2021 bunduki zaidi ya milioni moja ziliripotiwa kuibiwa kwa watu binafsi nchini humu, na gari limekuwa sehemu kubwa ya kuibia. Mtu anafika kazini ambako bastola hairuhusiwi, anaiacha chini ya siti, dirisha linavunjwa kwa sekunde chache. Kama huwezi kuingia nayo unapokwenda basi iache nyumbani ikiwa imefungwa, na kama ni lazima kabisa iwe kwenye sefu ndogo iliyofungwa kwa kebo ya chuma kwenye fremu ya siti. Bastola ya kukulinda ikishaingia mkononi mwa kijana wa mtaani haimlindi mtu tena.

Nyumbani sina mengi ila haya nayasema kwa msisitizo. Kuficha siyo kufunga. Watoto wanajua kila kitu kilipo, wanajua zawadi zimefichwa wapi, itakuwa bastola. Utafiti uliofanyika mwaka 2021 ulikadiria watoto milioni 4.6 Marekani wanaishi kwenye nyumba zenye bunduki iliyojazwa risasi na haijafungwa, na naamini baadhi yao ni wajukuu zangu. Ukitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, kumbuka risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, hapo ndipo vijana wengi wanapouana wakidhani iko tupu, vuta slaidi, angalia kwa macho, ingiza na kidole. Bastola ifungiwe peke yake, risasi zifungiwe kwingine. Kama hela ni shida, kufuli za kebo mara nyingi zinagawiwa bure na polisi kupitia mpango wa Project ChildSafe, na sheria ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni akupe kufuli au kifaa cha kufungia kila anapokuuzia bastola, kwa hiyo wengi wenu mnayo, iko kwenye boksi hata plastiki haijatolewa. Wenye sefu za alama za vidole, mwaka 2023 na 2024 kampuni kadhaa ziliwaita wateja warudishe sefu nyingi za aina hiyo, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ikatangaza, kwa sababu zilikuwa zinaweza kufunguka kwa kidole ambacho hakijasajiliwa. Leo usiku muite mke wako au mume wako ajaribu kwa kidole ambacho hakijasajiliwa. Ikifunguka, hiyo siyo sefu.

Mnaosema "nikiifunga nitachelewa jambazi akija", sefu nzuri ya batani inafunguka kwa sekunde chache ukiizoea, ifanyie mazoezi gizani. Na msidhani mtoto akichukua bastola ambayo hamkuifunga sheria itawaangalia tu. Kule Oxford, Michigan, Novemba 2021 kijana wa miaka kumi na tano aliua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla. Mwaka 2024 baba na mama wote wawili walihukumiwa miaka kumi hadi kumi na tano kila mmoja. Wazazi ambao hawakuwepo hata pale shuleni.

Kitu cha mwisho, na hiki mtaona ugumu kwa sababu ya adabu zetu. Mtoto akialikwa kwenda kucheza au kulala kwa wenzake, mpigie mzazi mwenzio muulize kama wana bunduki na kama imefungwa. Siyo kumkosea heshima. Anza wewe, mwambie "sisi tunayo, iko kwenye sefu, na nyie mnaiwekaje?" Akikasirika, mtoto wenu acheze kwako.